Kompyuta ya Nyumba Nzima na Afya ya Watoto



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hautazungumzia malaria wala minyoo. Utazungumzia kifaa kilichoingia katika nyumba nyingi za parokia zetu, kuanzia Tunduma mjini hadi huku milimani Ikinga, nacho ni kompyuta.

Huku kwetu nyumba yenye kompyuta mara nyingi ina moja tu. Pengine ni ya kijana anayesoma chuo Mbeya, naye huja nayo wakati wa likizo. Pengine baba aliinunua Tunduma ikiwa imekwisha kutumika, ili aandikie hesabu za duka au za kahawa. Mchana ni ya kazi. Jioni, umeme ukiwapo, ni ya watoto wote wa nyumba pamoja na wale wa jirani. Filamu zimejazwa kwenye flashi, michezo ya mbio za magari imo, na katuni za wadogo zimo.

Akina mama wananiuliza kliniki, "Sista, hii kompyuta ina madhara kwa mtoto? Nimruhusu muda gani?" Hayo ni maswali mawili, na tutaanza na la kwanza.

Maneno yanayovuma

Wapo wanaosema kompyuta ina mionzi inayochoma ubongo wa mtoto. Si kweli. Mwanga wa kioo cha kompyuta ni mwanga kama wa taa, hauhusiani na ule wa eksirei. Wengine husema mtoto atapofuka. Hilo nalo si kweli, ingawa macho yanaweza kuchoka, na tutafika huko.

Kuhusu kifafa yafaa kusema zaidi kidogo, kwa sababu ugonjwa huu unaogopwa sana vijijini kwetu. Wagonjwa wengi wa kifafa hawadhuriwi na kioo. Lakini wapo wachache ambao mwanga unaowaka na kuzimika haraka haraka huweza kuwaangusha. Tarehe 16 Desemba 1997, kule Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali jioni moja baada ya kutazama katuni ya Pokémon iliyokuwa na mimuliko ya rangi nyekundu na buluu. Kwa hiyo kama mtoto wako ana kifafa, mwulize mganga wake kwanza. Mtoto huyo akae mbali na kioo, chumba kiwe na taa inayowaka, wala asikose dawa zake hata siku moja.

Usingizi

Madhara ya kweli yanaanzia kwenye usingizi. Mama mmoja alimleta kijana wake wa darasa la nne. Mwalimu alikuwa amelalamika kwamba mtoto anasinzia darasani kila siku na alama zake zimeshuka. Mama alishuku malaria. Tulipima, hapakuwa na malaria. Damu ilikuwa ya kutosha, na choo hakikuwa na minyoo. Nikamwuliza, "Mama, kijana analala saa ngapi?"

"Analala mapema, Sista. Saa 3 wote wako kitandani."

Nikamgeukia mtoto. "Na kompyuta, inalala wapi?"

Akatazama chini. "Kwa kaka."

Yeye na kaka yake walilala chumba kimoja. Taa ya sebuleni ikizimwa, wao walianza filamu, sauti wameipunguza kabisa. Mtoto huyo hakupewa dawa. Mama aliambiwa aitoe kompyuta chumbani. Mwezi uliofuata alirudi kumchanjisha mdogo wake, akasema mwalimu hana tena malalamiko.

Ubongo wa mtu hutambua kwamba usiku umefika kwa kuona giza. Giza likiingia, mwili hutengeneza homoni iitwayo melatonini, nayo ndiyo inayoleta usingizi. Kioo kinachowaka karibu na uso huchelewesha kazi hiyo. Tena filamu ya mapigano huamsha moyo na mawazo, hata mtoto akifumba macho bado anapigana. Mtoto akikosa usingizi mzito anakosa mengi. Katika usingizi ule mwili hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji, na ubongo hupanga yale yaliyosomwa mchana.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Sasa piga hesabu ya nyumbani kwako. Mtoto anayeamka saa 11 alfajiri ili awahi shule, akihitaji saa 9 kwa uchache, inampasa awe amelala saa 2 usiku. Anayeamka saa 12, awe amelala saa 3. Na kwa kuwa mwili unahitaji muda wa kutulia, kompyuta inapaswa kuzimwa saa moja nzima kabla ya hapo. Wazazi wengi nikiwafanyia hesabu hii hushtuka, maana saa 2 usiku ndipo chakula kinapakuliwa. Basi hata muda wa chakula pengine itabidi urudishwe nyuma kidogo.

Wadogo wasiosema bado

Mwezi Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka 5. Unasema hivi: mtoto asiyetimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo, yaani televisheni, simu au kompyuta. Mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni vema zaidi.

Kwa nini kuwa wakali hivyo kwa wadogo? Kwa sababu mtoto hujifunza kusema kwa kujibiwa. Yeye anasema "ba", mama anasema "baba amekwenda shamba", naye anajaribu tena. Mtoto aliye mgongoni wakati mama anachuma kahawa anasikia maneno mengi kuliko tunavyodhani: salamu za njiani, mzaha, hata ugomvi. Kiwe Kindali au Kiswahili, yote ni shule. Kioo kinasema sana, lakini hakimngoji mtoto wala hakimjibu. Na kinapowaka, mama naye hunyamaza. Kuongea na baba aliye safarini kwa simu ya picha ni jambo jingine, kwa sababu baba anajibu.

Mtoto wa mwaka mmoja hivi huanza kutamka neno. Akitimiza miaka 2 huunganisha mawili, kama "mama maji". Ukiona wako amechelewa sana, mlete hospitali. Usikimbilie kulaumu kompyuta wala usimlaumu mkwe wako aliyempa simu. Tutaanza na masikio. Wapo watoto ambao hawasikii vizuri kwa sababu ya masikio yaliyotoa usaha muda mrefu, au kwa sababu waliugua homa ya uti wa mgongo, na hao hawatasema hata nyumba ikikaa bila kioo chochote.

Saa moja moja kwa watoto wanne

Hapa ndipo penye jambo ninaloomba wazazi mlishike, kwa sababu miongozo mingi imeandikwa kwa nyumba ambazo kila mtoto ana kifaa chake. Nyumba zetu si hivyo.

Tuchukue nyumba yenye watoto wanne: wa kidato cha pili, wa darasa la sita, wa darasa la pili, na mdogo wa miaka 3. Mzazi anasema, "Kila mmoja nampa saa moja tu." Anaona amekuwa mkali. Lakini tazama kinachotokea. Mkubwa anapocheza, wenzake watatu wamesimama nyuma yake wakishangilia. Wa darasa la sita akiingia kwenye zamu yake, mkubwa haondoki. Anabaki kuelekeza. Mdogo wa miaka 3 ameketi chini ya meza tangu mwanzo mpaka mwisho. Jioni ikiisha, kila mtoto amekaa mbele ya kioo saa nne, na yule mdogo, ambaye kwa haki yake ni saa moja au pungufu, naye amekaa saa nne. Tena ameona mchezo wa bunduki wa mkubwa na filamu ya kuogofya ya wa darasa la sita.

Kwa hiyo ukihesabu saa za mtoto mmoja mmoja utapotea. Hesabu saa za kompyuta. Jiulize: leo, katika nyumba hii, kompyuta imewaka kwa michezo na filamu saa ngapi? Hizo ndizo saa za kila mtoto aliyekuwa ndani.

Ni saa ngapi basi? Kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 hautaji idadi ya saa. Unasema muda wa kukaa mbele ya kioo kwa burudani upunguzwe, na mtoto apate wastani wa dakika 60 kila siku za kukimbia, kucheza mpira, kuruka kamba, kazi ya kumtoa jasho. Kwa hiyo mimi nashauri tuhesabu kuanzia upande wa pili. Weka kwanza usingizi. Weka shule na mwendo wa kwenda na kurudi. Weka kazi za nyumbani, masomo ya jioni, na mchezo wa nje. Kinachobaki ndicho cha kompyuta. Siku ya shule kwa kawaida haibaki hata saa nzima, na wazazi wengine wameona ni rahisi kuifunga kabisa Jumatatu hadi Ijumaa kuliko kubishana kila jioni kuhusu dakika. Jumamosi mchana, kazi zikiisha, saa 2 za kompyuta kwa nyumba nzima hazitamdhuru mwenye umri wa kwenda shule. Mdogo apelekwe nje na bibi au dada baada ya nusu saa ya katuni.

Kuhusu filamu, nyumba ya kompyuta moja inahitaji sheria moja: kisichomfaa mdogo aliyepo chumbani hakifunguliwi. Mkubwa atanung'unika. Aambiwe kwamba zamu yake itakuja mdogo akiwa amelala au yuko nje.

Zamu ya wasichana

Naomba nitoke njiani kidogo. Nimeuliza katika nyumba nyingi nani anatumia kompyuta, nami huambiwa "watoto wote". Nikikaa nikatazama, ni wavulana. Msichana amekwenda kisimani, anasonga ugali, anaosha vyombo, na akimaliza mama anasema, "Zimeni, muda umekwisha." Kisha tunashangaa kwamba kaka anajua kuandika barua kwa kompyuta na dada hajui hata kuiwasha. Mkipunguza saa, basi saa zilizobaki zigawanywe pamoja na vyombo. Mvulana mwenye mikono miwili anaweza kuosha sufuria.

Mahali pake na waya wake

Sisi wazazi wa umri wangu hatuna wa kumwuliza katika jambo hili. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni ilianza Zanzibar miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka mwaka 1994. Sisi tulikua na redio ya betri. Jinsi ya kumwachisha mtoto ziwa tulifundishwa na mama zetu, lakini hakuna bibi aliyetufundisha jinsi ya kumwachisha mtoto katuni. Tunajifunza sasa, kwa hiyo tusione haya kuulizana.

Nimeona haya yakisaidia. Kompyuta ikae sebuleni, kioo kielekee mahali ambapo mtu mzima hupita. Isilale chumba cha watoto kamwe, hata kwa kisingizio cha kuchaji. Muda wa kuzima utajwe kabla ya kuwasha, si wakati filamu imefika patamu. Mtoto aliyeambiwa "ukisikia adhana ya saa 12 jioni unazima" au "katuni mbili basi" analia kidogo kuliko aliyenyang'anywa ghafla. Kompyuta nyingi za leo zinaweza kufunguliwa akaunti ya watoto yenye nywila yake. Kijana wa chuo anaweza kuiweka. Lakini mimi naamini zaidi waya. Betri ya kompyuta iliyokwisha kutumika mara nyingi haimalizi hata filamu moja, kwa hiyo anayeshika waya wa kuchajia ndiye mwenye amri. Mama, uweke pamoja na ufunguo wa kabati.

Waya huo huo uangaliwe. Usipite sakafuni penye maji, na uliochunika utupwe. Mtoto asiuguse akiwa na mikono iliyolowa.

Macho yasichoke

Mtu akikodolea kioo hupepesa macho mara chache, yakakauka na kuwasha. Mtoto akae umbali wa mkono ulionyooshwa, na taa ya chumba iwake. Kila baada ya dakika 20 atazame mbali, kwa mfano mlima wa ng'ambo ya bonde, angalau kwa sekunde 20. Hapa kwetu milima haikosekani, ila ukungu ukishuka.

La maana zaidi kwa macho ni kukaa nje mchana. Taiwan, ambako watoto wengi sana hawaoni mbali bila miwani, mwaka 2010 shule zilianza mpango wa kuwatoa wanafunzi nje kwa dakika 120 kila siku, na hali iliyokuwa ikizidi kuwa mbaya kwa miaka mingi ilianza kupata nafuu. Mtoto anayechunga mbuzi jioni anapata dawa hiyo bure. Akifinya macho kusoma ubao, au akilalamika kichwa mara kwa mara, apimwe macho.

Flashi na wageni

Vijana wa vibandani wanaojaza filamu kwenye flashi hawaulizi ya nani. Katikati ya katuni unaweza kukuta picha za uchi. Flashi mpya ifunguliwe kwanza na mtu mzima. Kama kompyuta imeunganishwa na intaneti, watoto wajue kwamba mtu wasiyemfahamu akiwaomba picha au siri, waje kusema, na wasipigwe kwa kusema. Mtoto aliyepigwa mara ya kwanza hatasema mara ya pili. Mtoto mwenyewe au mzazi anaweza kupiga namba 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.

Nisieleweke kwamba naichukia kompyuta. Shule zilipofungwa kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Juni 2020 kwa sababu ya korona, wenye kioo nyumbani walipata masomo. Kipindi cha Ubongo Kids, kinachotengenezwa hapa hapa Tanzania na kurushwa tangu mwaka 2014, kinafundisha hesabu kwa Kiswahili, na nimeona watoto wakipigia mahesabu vidole baada ya kukitazama. Mkitazama pamoja nao na kuwauliza maswali, faida inaongezeka.

Jirani naye ana yake. Ukifunga kwako saa 1 jioni, watoto watahamia kwake. Jambo hili yafaa lizungumzwe katika jumuiya ndogo ndogo, nyumba kumi zikubaliane saa moja ya kuzima. Akina baba wawepo siku hiyo, maana baadhi yao ndio wanaotazama mpira wa Ulaya mpaka usiku wa manane, sauti juu, na watoto wamelala nyuma ya pazia.

Wiki ya kwanza itakuwa ya vilio. Mdogo atagoma kula kama amezoea kulishwa mbele ya katuni. Mwacheni, mtoto mwenye afya akisikia njaa atakula. Kwa kawaida vilio hupungua baada ya siku chache, mradi bibi, shangazi na kaka wote waseme neno moja. Lakini mtoto aliyezimiwa kompyuta wiki mbili au tatu na bado halali, au anasinzia mchana, au amejitenga na wenzake, huyo aletwe hospitali pamoja na kadi yake, tutafute sababu nyingine.

Kijana wa chuo akija likizo, zungumzeni naye siku ya kwanza, kabla hajafungua begi. Ana masomo yake, na kompyuta ni mali yake. Atumie sebuleni wadogo wakishalala, na akimaliza aifunge na kumpa mama waya.